STAA ULIYETUPA VIDONGE ZIWA NYASA, USIMSINGIZIE BUDHA!

Wadau, ubuyu wa wiki hii haujatoka Sinza wala Mikocheni. Umetoka kusini kabisa, Mbamba Bay, kwenye ule mchanga wa Ziwa Nyasa ambako akina mama wanaanika usipa. Staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, ametua huko na mpiga picha wake, mkeka wa yoga na kisanamu cha Budha. Kapita Songea, kapita Mbinga, kashuka kona zote mpaka ziwani, halafu akaingia laivu akiwa amekunja miguu juu ya jiwe, macho kafumba.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Mtu kachoka na mji, kaenda kupumua. Nyasa ni kuzuri, apumzike zake.

Ugomvi umeanza pale alipochomoa kopo la vidonge kwenye pochi. Akasema alikuwa anatibiwa sonona, ana daktari na ana mwanasaikolojia anayezungumza naye, ila sasa basi, kajipata. Budha kamfundisha kimya, na wazungu wameshathibitisha kwamba kutafakari ni sawa na dawa. Kopo likarushwa majini, chubwi! Mioyo na vimoto vikamiminika. Kesho yake likatoka tangazo: siku tatu za kukaa kimya na staa ufukweni, kwa ada ambayo mkulima wa kahawa wa Mbinga anaisubiri mpaka msimu uishe.

Katikati ya ile mioyo, binti mmoja akaandika kwamba yuko Mbinga mjini, naye anameza vidonge vya namna hiyo, na kuanzia leo anaacha. Staa akamjibu kwa kaemoji ka moyo.

Hapo ndipo utani ulipoisha.

Kwanza, Budha mwenyewe. Hekalu la Wabudha lipo Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa na watu waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo. Staa angegonga mlango tu angeambiwa kwamba mtawa wa Kibudha ana mahitaji manne: vazi, chakula, malazi na dawa. Ndiyo, DAWA. Kwenye vitabu vya kanuni za watawa kuna sura nzima inayohusu dawa, na kuna kisa cha Budha kumkuta mtawa anaumwa tumbo la kuhara, hakuna anayemjali. Hakumwambia avute pumzi. Alimuogesha kwa mikono yake, akawaambia wenzake wauguzane. Tena mtawa anafuata kanuni 227 na anafundishwa na mwalimu kwa miaka. Staa yeye ana mkeka na bando.

Pili, hao wazungu. Ni kweli kuna watu wamechanganya mazoezi ya Kibudha na tiba ya saikolojia, na yakaleta matunda. Mwaka 1979, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki nane hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo. Baadaye wanasaikolojia watatu, Segal, Williams na Teasdale, wakayaunganisha na tiba ya mazungumzo ili waliowahi kupata sonona mara kwa mara isiwarudie.

Ule utafiti wanaopenda kuutaja ulitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015. Watu 424 huko Uingereza, wote walishaugua mara tatu au zaidi, na wakati huo walikuwa na nafuu. Nusu waliendelea na dawa. Nusu walipata mafunzo, na dawa wakazipunguza pole pole, daktari akijua. Ndani ya miaka miwili sonona iliwarudia 47 kati ya kila 100 wa upande wa dawa, na 44 upande wa mafunzo. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema huyu kamshinda yule. Sasa soma vizuri: walikuwa na mwalimu, walikuwa na daktari, walipunguza pole pole. Hakuna aliyerusha kopo ziwani!

Na kwa nini viende pamoja? Kutafakari kunakufundisha kuliona wazo baya linavyokuja bila kulikimbilia. Mazungumzo yanakusaidia kujua limetoka wapi. Mtu aliyebakwa, au aliyefiwa na hajawahi kulia, ukimuweka kimya siku tatu yale mambo yanaweza kumrudia yote kwa mkupuo. Mwenye taaluma atajua la kufanya. Staa atafanya nini, ataweka moyo?

Wapo pia wale wa upande wa pili, wanaosema haya ni mashetani ya Kihindi na sonona ni ugonjwa wa watoto wa kishua. Nao waache. Kuitazama pumzi yako hakukutoi kanisani wala msikitini. Na hata Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu, watu wa ukoo wanakaa, wanakula pamoja, shida za nyumba zinawekwa mezani zinazungumzwa. Sengu si hospitali, ila wazee walijua mtu hawezi kubeba moyo peke yake. Mficha uchi hazai.

Nchi hii wanasaikolojia ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Staa akitupa kopo, akirudi Dar ana daktari wa kumpigia simu saa sita usiku. Binti wa Mbinga akitupa lake, ana nani? Pengine alitumia miezi kupata ujasiri wa kuingia kwenye kile chumba cha daktari.

Kwa hiyo staa, jiwe lipo, simu ipo, bando unalo. Ingia laivu tena. Mtafute yule binti, mwambie arudi kwa daktari wake leo, asisubiri kesho. Na wewe nenda kwa wako. Ukishamaliza, kaa kimya hata mwezi mzima, hakuna atakayekusumbua.

Mdau, unasemaje? Tiririka hapo chini. Na kama unameza dawa, usiache kwa sababu ya video ya mtu.