Taji la Dhahabu Ni la Nani?

Wako wanaodai ati mchoraji wa leo akifuata picha za kale basi ameishiwa na mawazo. Mimi napinga.

Katika dola ya Bizanti, ambayo mji wake mkuu ndio Istanbul ya leo, watakatifu walichorwa wakitutazama moja kwa moja, macho makubwa, na kichwani duara la dhahabu, ishara ya nuru ya Mungu. Sasa nendeni San Francisco, Marekani, katika kanisa la St. Gregory of Nyssa. Humo Mark Doox aliufuata mtindo huo kuchora watakatifu 90 wakicheza ngoma ukutani, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Ni akina nani hao? Malcolm X yumo! Anne Frank yumo, na John Coltrane, mpiga saksafoni.

Wengine watauliza, mbona Mwislamu na Myahudi kanisani? Swali si baya. Malcolm X alihiji Makka mwaka 1964, na duara la rangi haliwezi kumbatiza mtu. Lakini nionavyo mimi, mchoraji anatuuliza tu: mnamheshimu nani? Bila duara lile la kale, nani angeshtuka?

Basi wenzangu mnaopenda kuchora, jifunzeni mbinu za zamani, kisha wachoreni watu wetu. Wahenga walinena ya kale ni dhahabu. Haya, tuwavike dhahabu hiyo wanaostahili.