Tarehe 27 Agosti

Wanafunzi wenzangu hupenda kuulizana mambo yaliyotokea tarehe moja katika miaka mbalimbali. Mchezo huu si mbaya, lakini naona twaucheza vibaya: twakusanya tarehe kama mtu akusanyaye stempu asisome barua.

Chukueni tarehe 27 Agosti. Siku hiyo mwaka 1883 mlima wa moto wa Krakatoa, katika visiwa viitwavyo leo Indonesia, ulipasuka na kuinua mawimbi makubwa. Watu zaidi ya 36,000 walikufa. Kishindo kilivuka Bahari ya Hindi hata kisiwa cha Rodrigues, karibu kilometa 4,800, na mkuu wa polisi wa huko akadhani ni mizinga inayopigwa mbali.

Tarehe ile ile mwaka 1896, upande wetu wa bahari hiyo hiyo, ilikuwa mizinga kweli. Sultani Hamad alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Sayyid Khalid bin Barghash akalishika jumba la Unguja bila ridhaa ya Waingereza. Wakamwambia atoke kabla ya saa tatu asubuhi, akakataa. Saa ilipopita, manowari zao zikapiga. Kwa muda wa dakika 40 hivi yakawa yamekwisha.

Hivyo ndivyo vita viitwavyo vifupi kuliko vyote duniani, na kila vikitajwa lazima mtu acheke. Acheke nini? Upande wa Sayyid Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa. Maafa ya Krakatoa hatuyacheki, wala mlima ule haukuamriwa na mtu. Atakayeniuliza tena dakika za vita vya Unguja, nami nitamwuliza hesabu ya watu.