Mbegu Ile Ile, Misimu Miwili: Mpunga wa Kilosa na Mikumi

Katika parokia nyingi za vijijini ni desturi njema kubariki mbegu kabla ya kupanda. Kwa wakulima wa mpunga wa Kilosa na Mikumi, mbegu zinazotajwa sana ni mbili: Supa, mrefu na wenye harufu tuliouzoea tangu zamani, na SARO 5, mfupi na wa kisasa. Mavuno yanapofika, hukumu nazo hutolewa. Aliyepata kidogo kwa SARO 5 huilaumu mbegu. Mtaalamu aliye mbali na shamba humlaumu mkulima kwa uvivu. Kwa maoni yangu, wote wawili wanamtafuta mkosaji mahali asipokuwepo.

SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, si mgeni kutoka ng'ambo. Ilitoka katika kituo cha utafiti cha KATRIN, leo TARI Ifakara, kwenye barabara ile ile inayochepuka Mikumi na kupita Kidatu, ikaidhinishwa mwaka 2002. Wagunduzi wake walikuwa na shida moja ya kutatua. Supa ukitiwa mbolea hurefuka, hulemewa na suke lake, kisha hulala chini. Mpunga mfupi huipokea mbolea na kubaki wima. Wazo hilo ndilo lililoizaa IR8 huko Ufilipino mwaka 1966, mbegu iliyobadili kilimo cha Asia. Katika skimu yenye maji ya uhakika na mbolea ya kutosha, SARO 5 huweza kuvuka tani 4 kwa hekta, yaani zaidi ya tani moja na nusu kwa ekari.

Hayo masharti mawili ndiyo husahaulika. Mbegu hii imeandaliwa kwa ajili ya maji yanayofunguliwa na kufungwa. Ukiipanda bondeni ambako mafuriko hukaa juma zima, ule ufupi uliokuwa sifa yake unageuka kuwa kifo chake. Mkulima wa bonde la namna hiyo anayeng'ang'ania Supa, au mbegu ndefu ya wazee wake, hakatai maendeleo. Anaijua ardhi yake.

Kisha kuna suala la msimu wenyewe. Tumezoea kuamini kwamba masika ndiyo majira ya neema na kiangazi ni majira ya kungoja. Mpunga haufikiri hivyo. Punje hujazwa kwa chakula kinachotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, hasa tangu kuchanua hadi kukomaa, na mawingu ya masika huzuia jua hilo. Ndiyo maana majaribio ya miaka mingi ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, huko Los Baños, yameonesha kwamba shamba la umwagiliaji huzaa zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa mvua, hata kwa mbegu ile ile. Lakini utafiti wa taasisi hiyo uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha pia kwamba, katika msimu huo wa kiangazi, kila joto la usiku lilipopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno yalipungua kwa takriban asilimia 10. Mabadiliko ya tabianchi hayatuachii hata usiku.

Kwa hiyo swali la mbegu, likifuatwa hadi mwisho, linakuwa swali la maji. Na maji ya Kilosa yana historia ngumu. Mwanzoni mwa mwaka 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafurika mjini na kukata Reli ya Kati. Miezi michache baada ya mafuriko, mkulima huyo huyo hutazama ardhi iliyopasuka. Skimu kama Ilonga, na ile ya Mwega kule Malolo, zinapunguza pengo hilo. Hata hivyo, katika skimu yoyote, mwenye shamba karibu na banio hulima misimu miwili wakati aliye mwisho wa mfereji akisubiri masalio. Tena, shamba la kijani katikati ya kiangazi huvuta mifugo yenye njaa. Wilaya hii haijasahau Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, watu 38 walipouawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Anayepanga mfereji bila kupanga njia ya mifugo anapanda ugomvi.

Yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mpunga hujichavusha wenyewe; tofauti na mahindi chotara, mkulima aweza kununua mbegu iliyothibitishwa, kwa mfano ile ya shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo huko Kilangali, na kujiwekea ya misimu kadhaa, mradi asiichanganye na nyingine. Ruzuku ya mbolea iliyorejeshwa tangu msimu wa 2022/23 ni msaada wa kweli, ingawa mbolea katika shamba lisilo na maji ni fedha iliyomwagwa. Zaidi ya hapo, wengi huuza mpunga mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, wengine ukiwa bado shambani, kisha hununua mchele kwa bei ya juu wakati wa palizi. Yosefu alipoijengea Misri maghala (Mwa 41), alikuwa anashughulikia jambo hili hili: tofauti kati ya majira na majira.

Papa Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015 (na. 129), anakumbusha kwamba wazalishaji wadogo ndio wanaolisha sehemu kubwa ya watu duniani, na kwamba viongozi wana haki na wajibu wa kuwaunga mkono waziwazi. Mintarafu Kilosa na Mikumi, wajibu huo haujatimizwa kwa kugawa mifuko ya mbegu peke yake. Kabla ya kubariki mbegu za msimu ujao, kamati ya haki na amani ya parokia ingeweza kuutembea mfereji mzima, kuanzia banio hadi shamba la mwisho, na kumuuliza mjane anayelilima ni lini maji yalifika kwake.