Kura si Majaribio

Methali ya wengi wape imehukumu mambo mengi kwa haki na mengine kwa dhuluma. Miongoni mwa iliyoyadhulumu katika zama hizi ni kazi ya kujaribu kanuni za mchezo kabla hazijapigwa chapa. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Asiyeujua na afahamu hivi: watu wachache huketi mezani, mmoja huwa msimamizi wa kisa, na wengine kila mmoja huvaa nafsi ya shujaa, panapotokea jambo lenye shaka, dadu hurushwa. Mshindi hapana. Kilichopo ni maneno ya wachezaji na kitabu cha kanuni, na kwa sababu hiyo kanuni mbovu humfikia kila aliyeketi pale, kama chumvi iliyozidi mchuzini.

Mwaka 2012 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyo mali ya Hasbro tangu mwaka 1999, ilitangaza kwamba toleo la tano la mchezo huo litajaribiwa na umma. Ilikuwa na sababu. Toleo la nne, la mwaka 2008, liliwagawa wachezaji, na wengi wao walihamia Pathfinder, mchezo wa kampuni ya Paizo uliozishika kanuni za zamani. Mwezi wa Mei rasimu zilitolewa kwa kila aliyezitaka, watu zaidi ya 175,000 wakashiriki, hojaji ikafuata rasimu na rasimu ikafuata hojaji, mpaka kitabu kikatoka mwaka 2014 na kuuzwa kwa wingi mkubwa. Tangu hapo imekuwa kana kwamba ni imani: umma uliulizwa, umma ulijibu, mchezo ukapona. Mwaka 2022 mwendo ule ule ulirudiwa kwa ajili ya vitabu vilivyotoka mwaka 2024, na watungaji wakaeleza hadharani mizani yao. Kanuni iliyowaridhisha asilimia 70 ya waliojibu ilihesabiwa kuwa imo njiani. Iliyopungukiwa sana ilirekebishwa au ilitupwa.

Lakini kuridhika si matokeo ya jaribio. Hojaji hujibiwa na aliyecheza kanuni usiku kumi, na aliyeicheza mara moja, na aliyeisoma tu akiwa kitini pake na kukunja uso. Na jibu la kila mmoja lina uzito ule ule katika hesabu. Fundi wa jahazi hakusanyi maoni ya watazamaji wa pwani juu ya uzuri wa mkuku. Hulishusha jahazi majini, akatazama lavuja wapi. Wachezaji wa bao nao hawakupata kuulizwa kwa karatasi kama namua ni ndefu mno. Waliicheza, na yaliyobaki yalibaki kwa sababu yalistahimili kuchezwa.

Itazamwe kanuni moja njema, maana haifai kubisha kwa kuchagua mabaya peke yake. Katika rasimu za mwaka 2012 ilikuwamo kanuni kwamba mwenye nafasi bora kuliko kawaida arushe dadu mbili za pande ishirini, ashike iliyo kubwa. Watu waliipenda upesi, na walikuwa na haki. Ni nyepesi kukumbuka, na mkono hufurahi kurusha mara mbili. Lakini mapenzi hayo hayakumwambia mtu kwamba wastani wa dadu moja, ambao ni 10.5, hupanda kwa kanuni hiyo mpaka karibu 14. Hilo lataka kalamu na mtu mmoja mwenye subira. Wala hayakuonyesha litakalotokea nafasi bora ikipatikana kwa njia nyingi na kwa bei ndogo, hata ikawa hali ya kila siku na ladha yake ikafa. Hilo lataka meza moja na majuma mengi. Katika yote mawili asilimia haina la kusema.

Watetezi wa hojaji hujibu kwamba mchezo ni furaha, basi furaha ndiyo kipimo chake. Jibu hilo ni tamu, walakini lachanganya furaha ya usiku mzima na furaha ya aya moja. Upungufu wa mienge shimoni, njaa ya safarini, kifo cha shujaa aliyependwa mwaka mzima: kila moja ya hizo ikipigiwa kura peke yake itaanguka, na zikianguka zote, ushujaa unabaki hauna gharama. Tena mtu huridhika upesi na alichokizoea. Mwaka 2023 rasimu moja ilipendekeza kwamba druidi, yaani mganga wa porini ajigeuzaye mnyama, atumie vielelezo vichache vilivyo tayari, mnyama wa nchi kavu, wa majini na wa angani, badala ya kupekua kitabu cha wanyama katikati ya mapigano. Pendekezo lilikataliwa na umma, na kitabu cha mwaka 2024 kikarudia wanyama mmoja mmoja. Yamkini lilikuwa baya kweli. Yamkini lilikuwa geni tu. Asilimia haijui tofauti ya mawili hayo, na aliyeitegemea hakuwa na njia ya kuijua.

Njia nyingine ilikuwapo, tena kwa jirani. Paizo ilipotaka kujaribu toleo la pili la Pathfinder mwaka 2018, ilitoa pamoja na rasimu kisa kirefu cha sehemu saba kiitwacho Doomsday Dawn, na sehemu hizo zilipangwa zibane pembe mbalimbali za kanuni. Mojawapo iliwaletea mashujaa maadui wimbi baada ya wimbi, ili ionekane watastahimili mpaka wapi kabla ya kufa. Aliyemaliza sehemu aliulizwa yaliyotukia mezani. Huko ndiko ilikokufa kanuni iliyofunga matumizi ya vitu vya uganga na haiba ya shujaa. Kitabu cha mwaka 2019 hakikuwa nayo. Paizo pia iliuliza watu walichokipenda, na si kila hukumu yake ilikuwa njema. Lakini ilianza kwa meza.

Je, kura haina mahali? Inapo, na mahali pake palionekana Januari 2023. Tangu mwaka 2000 palikuwa na leseni iliyowaruhusu wengine kuchapisha vitabu juu ya msingi wa kanuni za mchezo huu, na riziki za watu zilijengwa humo. Ilipovuja habari kwamba kampuni yakusudia kuitangua, wachezaji walighadhibika, na wengi wakavunja michango yao ya kila mwezi. Kampuni ikatoa rasimu mpya ya leseni, na hojaji pamoja nayo, kana kwamba ni kanuni ya upanga. Watu zaidi ya 15,000 wakajibu, na asilimia 88 wakasema hawataki kuchapisha kazi zao chini yake. Tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma: leseni ya zamani ikaachwa, na msingi wa kanuni ukawekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo hairudishwi.

Hapo wengi walipewa, na walistahili kupewa, kwa kuwa swali lilikuwa la ridhaa: nani ana haki juu ya kazi ya nani. Kwa swali la namna hiyo hesabu ya vichwa ndiyo shahidi mwenyewe. Swali la kwamba dadu mbili zafanya nini, au mganga ageukeje mnyama, halina ridhaa ndani yake. Mwezi uliofuata, Februari, ndipo rasimu ya druidi ilipotoka, na hojaji yake ikawauliza wasomaji kama desturi wameridhika kiasi gani.