Punda Akifa, Mzigo Haufiki: Somo Kutoka Meru na Embu

Ukitaja Embu hapa Mombasa siku hizi, neno la pili litakalotoka mdomoni mwa mtu ni muguka. Ukitaja Meru, ni miraa. Mei 2024, baadhi ya magavana wetu wa Pwani walipiga marufuku muguka, Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu, na mahakama ya Embu ikaisimamisha. Sote tulizozana, mitandaoni na barazani, kana kwamba kati yetu na watu wa milima ile hakuna jingine la kuzungumza ila majani.

Lipo jingine, nalo ni punda.

Mimi ni mtu wa Lamu, na kwa mtu wa Lamu punda si habari. Tumekua tukimpisha kwenye vichochoro akiwa na mawe, mchanga na magunia ya saruji. Kwa hiyo Disemba iliyopita, nilipokwenda Meru kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, sikutarajia kurudi na kisa cha punda. Lakini njiani nilishuka Embu, nikalala siku mbili kwa mzee mmoja, jamaa wa shemeji yangu, upande wa Mbeere, si mbali na Kiritiri.

Wengi wetu tukisikia Embu tunafikiria chai, kahawa na baridi ya Mlima Kenya. Hiyo ni Embu ya juu. Mbeere ni Embu ya chini: joto, vumbi, miiba na mvua ya kubahatisha. Meru nayo ni hivyo hivyo. Ukishuka kutoka vilima vya Nyambene unaacha migomba na kuingia nchi kavu. Ajabu ni kwamba Mto Tana unapita mpakani mwa Mbeere, umezuiwa kwa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanayotupa umeme, kisha maji hayo hayo yanateremka mpaka kwetu Kipini. Lakini mama wa Mbeere anayeishi mbali na mto hana mfereji. Ana mtungi wa lita 20 na mgongo wake.

Hapo ndipo punda anapoingia.

Zizi tupu

Asubuhi ya pili mzee alinionesha zizi lake. Lilikuwa tupu. Nikamuuliza, "Mzee, wanyama wako wapi?"

Akanijibu, "Mwalimu, hapa palikuwa na punda wawili. Mmoja alikuwa na mimba."

Alinieleza kwamba mwaka 2018 aliamka alfajiri akakuta kamba zimekatwa. Siku ya tatu watoto waliokuwa wakienda shule wakawakuta korongoni, wamechunwa ngozi. Nyama haikuguswa. Mzee hakuzungumza kwa hasira. Alizungumza kama mtu anayehadithia msiba wa zamani. Tangu siku ile, maji ya nyumba yake huletwa na kijana wa bodaboda, kwa malipo, kila mtungi na bei yake. Mafuta yakipanda, na maji yanapanda. Sote twakumbuka Sheria ya Fedha ya 2023 ilivyopandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Punda hakuhusika na ushuru huo. Yeye hanywi petroli.

Nani aliitaka ngozi ya punda wa mzee? Jibu liko mbali. Uchina kuna dawa ya kienyeji iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe gundi. Zamani ilikuwa dawa ya wachache. Watu walipopata pesa, mahitaji yakapanda kuliko punda wa Uchina wenyewe. Shirika la The Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka 2019 kwamba biashara hiyo ilihitaji ngozi zipatazo milioni 4.8 kwa mwaka. Wanunuzi wakageukia Afrika.

Kenya ikafungua mlango. Vichinjio vinne vikapewa leseni: Mogotio, Naivasha, Machakos na Lodwar. Taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 2019: tangu Aprili 2016 hadi Disemba 2018, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini. Ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2.

Mtu atasema, si wazae wengine? Punda si mbuzi. Hubeba mimba karibu mwaka mzima, wakati mwingine na zaidi, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai kutwishwa mizigo mpaka afikishe kama miaka mitatu. Aliyechinjwa leo, pengo lake halizibiki kesho.

Marufuku na karatasi

Februari 2020, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda. Munya ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza wa Meru, na naamini hakuhitaji kuelezwa sana thamani ya punda kwa mama wa Tigania au Igembe. Lakini Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku hiyo baada ya kampuni moja ya kichinjio kwenda kortini. Jirani zetu Tanzania walifunga biashara ya ngozi mwaka 2022. Kisha Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Ni hatua njema. Lakini wezi waliokata kamba za mzee hawakuwa na leseni ya mtu, na hawasomi maazimio ya Addis. Tena tuwe wakweli: si kila punda aliibwa. Wako waliouza kwa hiari, kwa sababu kichinjio kilitoa bei nzuri na nyumbani kulikuwa na karo ya kulipa. Siwalaumu. Mwenye njaa hana miiko. Lakini hesabu yao ilikuwa ya siku moja. Pesa za ngozi huliwa mara moja, na maji huhitajika kila siku.

Kwa hiyo suala la maana, kwa maoni yangu, ni kama mtu wa kipato kidogo anaweza kumweka punda wake hai, mwenye afya na salama, kwa gharama anayoimudu. Nilichokiona Meru na Embu, nikijumlisha na nilichokulia Lamu, kinanionesha anaweza.

Gharama ya kumfuga

Farasi ni habari nyingine. Katika kaunti hiyo hiyo ya Meru, kwenye hifadhi ya Lewa, wageni hulipia kupanda farasi na kutazama vifaru. Ni raha, lakini farasi anataka chakula bora, dawa nyingi na daktari wa karibu, na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika humuua upesi. Punda huvumilia zaidi. Tumbo lake limeumbiwa majani makavu. Mabua ya mahindi baada ya mavuno, nyasi kavu na malisho ya kando ya shamba humtosha kwa sehemu kubwa. Kumjaza mahindi kwa kumpenda ni kumdhuru, kwani humletea maumivu ya tumbo na ya kwato.

Anachotaka hakina bei kubwa: maji safi kila siku, kivuli, chumvi kidogo, dawa ya minyoo na kwato zilizokatwa kabla hazijarefuka. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda ni muhimu pia. Ugonjwa huo wa pili tumeupa jina lake, lakini kumchanja tunasahau.

Kisha mzigo. Wataalamu hushauri mzigo wa mgongoni usizidi takriban theluthi ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wetu wengi ni wa kilo 150 hivi, kwa hiyo mzigo wake ni kama kilo 50. Mitungi miwili ya lita 20 ni kilo 40. Yuko sawa. Lakini nilishuhudia njiani, na nimeona Lamu pia, punda mmoja akitwishwa mitungi minne. Hizo ni kilo 80. Mwenye haja ya mitungi minne na afunge mkokoteni, kwani punda huvuta zaidi ya anachobeba, mradi barabara iwe tambarare na magurudumu yawe sawa.

Jambo la mwisho ni kamba. Kamba ya nailoni inakata ngozi. Gunia kuukuu likikunjwa vizuri chini ya shogi au matandiko linazuia kidonda ambacho kingemlaza wiki tatu. Gunia hilo halinunuliwi, limo jikoni.

Malipo yake ni haya. Mama aliyekuwa akibeba mtungi mmoja anarudi na miwili, na mgongo wake mzima. Binti anawahi shule. Siku ya soko, mkokoteni unapeleka ndengu na maembe, na ukirudi unabeba mzigo wa jirani kwa malipo. Punda aliyetunzwa anaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Nionesheni bodaboda ya umri huo.

Na kuna malipo yasiyohesabika. Mzee aliniambia punda wake yule mwenye mimba alikuwa akimjua kwa mwendo, na akimsikia anakohoa nyumbani alikuwa akilia kumwita. Kwetu twasema fadhila ya punda ni mateke. Tangu Kiritiri methali hiyo imenikaa vibaya.

Tufanye nini

Lamu tuna bahati. Tangu miaka ya 1980 The Donkey Sanctuary imekuwa na kituo kisiwani kinachotibu punda bure, na mbio za punda ni fahari ya tamasha letu la utamaduni. Hata hivyo tuna aibu zetu: punda wanaokula mifuko ya plastiki jaani, miaka mingi baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku Agosti 2017, na vijana wanaodhani kiboko ndicho petroli.

Meru na Embu hawana kituo kama kile kila soko, lakini huduma za mifugo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Basi kaunti zitenge siku ya punda sokoni, daktari aje na dawa ya minyoo, chanjo na kisu cha kwato. Kila punda atiwe alama ya mwenyewe. Anayesafirisha punda usiku bila kibali ashikwe kama anayesafirisha ng'ombe wa wizi. Na Bunge liandike sheria yenyewe, ili makubaliano ya Addis yasianguke kortini kama ilivyoanguka marufuku ya 2020.

Wazee wetu walisema heri punda afe, mzigo wa bwana ufike. Kwa heshima zote, hapo nawapinga. Mzee wa Mbeere punda wake walikufa, na mpaka leo mzigo wake haujafika. Uko pale kisimani, unangoja bodaboda.

Nilipoaga, nilimuuliza kama atanunua punda mwingine. Akatazama zizi, akasema, "Nitanunua, mwalimu. Lakini kwanza ninunue mlango wenye kufuli."