Shawa ya umeme si kazi ya bomba tu

Wasomaji, leo tuweke programu kando tuingie bafuni. Nyumba nyingi za kupanga hapa Kenya zina shawa ya umeme, ile ya kupasha maji papo hapo. Ikiungua, wengi huita fundi wa mabomba aifunge mpya. Kwa maoni yangu, hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Piga hesabu: wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 ni karibu ampea 23. Waya mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo. Tena, katika shawa nyingi za aina hii koili imo ndani ya maji yenyewe. Ndiyo maana kuna ule waya wa kijani na manjano, wa kwenda ardhini. Ukiachwa ukining'inia, maji bado yatapata moto, kwa hivyo hutajua kuna kasoro. Programu ikikosa ulinzi unapoteza data. Hapa unapoteza mtu.

Swichi kuu izimwe kabla kazi kuanza. Na kabla hujalipa, mwambie fundi akuonyeshe waya huo ameuunganisha wapi. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, nunua shawa iliyotengenezewa maji hayo, maana chumvi hupitisha umeme zaidi.

Je, wako umeunganishwa?