Simu Ipimwe kwa Nyuso Zetu
Na Rehema Mnzava

Mpiga picha wa harusi yeyote, kuanzia Tanga hadi Kisumu, anamjua bibi harusi mweusi aliyevaa shela jeupe. Kamera ikikutana na weupe ule hupunguza mwanga: shela linatoka na kila mshono wake, uso unazama gizani. Ukiongeza mwanga, uso unarudi, shela linaungua. Mpiga picha hodari huanza na uso, maana mama mzazi akifungua albamu anamtafuta mwanawe.

Sehemu ya shida hii ni tabia ya mwanga. Sehemu nyingine waliiamua watu. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya filamu ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kama Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imewekwa sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba waliochangia kuifanya Kodak irekebishe filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kuwa rangi za kahawia hazitofautiani. Chokoleti ilisikilizwa. Jambo hilo bado linaniuma.

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, iliona soko pale wengine walipozembea, ikazirekebisha kamera zake zimpige vizuri mtu mweusi. Google ilikuja na Real Tone, marekebisho yake ya namna hiyo, mwaka 2021, kwenye simu ya Pixel 6. Naipongeza kazi hiyo. Lakini simu nyingi bado zina urembo wa kamera unaolainisha ngozi na kuing'arisha, na nyingine huja nao umeshawashwa. Hiyo ni ladha ya masoko ambako weupe wa uso ndio uzuri. Wapo wenzetu wanaoipenda, na ni haki yao. Basi wauwashe wenyewe. Mtoto wa miaka kumi asifundishwe na simu ya mama yake kwamba sura yake ni kasoro ya kusahihishwa.

Nanyi mnaochambua simu kwa Kiswahili, acheni kutuhesabia megapikseli. Mpigeni picha muuza chipsi kwa kila simu, saa mbili usiku, kwa taa ya kibandani kwake, urembo ukiwa umezimwa, kisha mumwonyeshe yeye mwenyewe na kumuuliza picha ipi anaichukua.